Fundi Tuambie: kayaki ya mbao na makali ya mwamba

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: nimeunda kayaki ya mbao kwa mikono yangu, imependeza, nimeishusha baharini, na sasa tumbo lake limechubuka kama mgongo wa punda wa mizigo. Tumechagua za Mtwara na Lindi, maana pwani ya kusini ina kila kinachokula mbao: mchanga, mwamba, matumbawe, na chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko.

Shikamooni mafundi. Kayaki yangu ina urefu wa mita 5. Niliiunda kwa plaiwudi ya milimita 4, nikaishona kwa waya na kuigundisha, nikaifunika nje kwa tabaka moja la kitambaa cha faiba cha gramu 200 kwa mita ya mraba pamoja na epoksi, ile gundi ya kuchanganya vimiminika viwili, juu nikapaka vanishi. Haijatimiza miezi mitatu, tayari ina mikwaruzo myeupe chini ya omo (mbele), chini ya kiti na tezini (nyuma). Nataka kuongeza tabaka jingine la faiba chini kote. Ninunue kiasi gani? (Msomaji, Mikindani)

Marahaba. Weka mkasi chini kwanza. Sehemu tatu umeshazitaja mwenyewe, na kila moja ina sababu yake. Omo hugonga wakati wa kufika. Tezi husagika unapoinua omo na kuburuta. Chini ya kiti huumia kwa kuwa watu huingia na kukaa chombo kikiwa bado kimelalia mchanga, kisha hujisukuma kwa mikono mpaka kielee. Uzito wote wa mtu unakaa juu ya eneo la sahani mbili, na mchanga ule ni msasa usio na karatasi. Sehemu kubwa ya tumbo iliyobaki haigusi kitu siku nyingi.

Tumbo la chombo chako lina mita za mraba 1.6 hivi. Ukilifunika lote tena utatumia gramu 320 za kitambaa, epoksi kama hiyo ya kukilowesha, na nyingine ya kuziba vinyweleo vya ufumaji. Umeongeza karibu kilo nzima na kupata unene wa robo ya milimita, tena sehemu kubwa yake pasipohitajika. Sisi tungeweka mkanda juu ya mstari wa mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, peke yake, mwembamba katikati na mnene kwenye hizo sehemu tatu. Mkanda huo hauongezi hata nusu kilo.

Vipimo ni hivi. Mkanda mmoja mrefu wa sentimita 8 kutoka omo hadi tezi. Chini yake, kwenye kila ncha, vipande viwili vya urefu wa sentimita 60, kimoja cha upana wa sentimita 4 na kingine 6. Chini ya kiti, kipande kimoja cha sentimita 80 kwa 6. Jumla ni kama mita za mraba 0.57, yaani gramu 115 za kitambaa. Epoksi andaa gramu 350, ukihesabu ile inayobaki kwenye vikopo na brashi.

Kitambaa kikate mshazari, nyuzi zikae kama alama ya X juu ya mkuku. Kikikatwa hivyo hulala vizuri kwenye pinda la omo bila kukunjamana, na kila uzi unavuka mkuku badala ya nusu yake kwenda sambamba nao. Kitambaa cha upana wa mita 1 hutoa vipande vya mshazari vya mita 1.4, kwa hiyo mkanda wa mita 5 ni vipande vinne vinavyopandana sentimita 5 kila kiungo. Usitumie utepe wa faiba unaouzwa ukiwa umepindwa kingo: ule upindo huacha ukuta mdogo ambao utaupiga msasa mpaka uchoke.

Maandalizi ndiyo yanayoharibu kazi za watu wengi. Osha tumbo kwa sabuni na maji yasiyo na chumvi, sugua kwa ile sponji ngumu ya kijani ya kuoshea sufuria, suuza. Angalia maji yanavyokaa: yakitandaa kama shuka, pako safi, yakijikusanya matone-matone, bado kuna nta au mafuta. Osha kabla ya kupiga msasa, si baada yake, kwa sababu msasa huyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Kisha bandika tepu ya karatasi sentimita 4 kila upande wa mkuku, na uondoe vanishi yote katikati yake kwa msasa namba 80. Epoksi ikiwekwa juu ya vanishi hushika vanishi tu, na siku vanishi ikiachia, mkanda wote unabanduka kama ganda la muhogo. Vanishi imekwisha ukiona uso umefifia na vumbi limekuwa jeupe. Ukianza kuona vimraba vya ufumaji, umefika kwenye kitambaa cha zamani, simama hapo.

Anza kazi saa kumi jioni, kivulini. Asubuhi joto linapanda, hewa iliyo ndani ya mbao inatanuka na kutokea kwenye kila kitundu, ikiacha mapovu chini ya epoksi. Jioni joto linashuka, mbao inavuta ndani. Changanya gramu 100 kwa mara moja. Koroga dakika mbili nzima ukikwangua kuta na kitako cha kopo, kisha mimina yote kwenye sinia bapa. Ikiachwa imejaa kwenye kopo hujipasha moto yenyewe, na kwa joto la Mtwara inaweza kuganda ndani ya dakika kumi na kitu na kutoa moshi.

Paka epoksi kidogo, weka vipande vyembamba kwanza, vipana juu yake, mkanda mrefu mwisho. Hivyo kingo za vidogo zinafichwa na utalainisha ukingo mmoja tu. Kitambaa kikilowa hugeuka kioo. Palipobaki peupe pana njaa ya epoksi, pang'aapo kama maji pamezidi. Kukamua ile ya ziada tumia kadi kuukuu ya plastiki. Epoksi ikizidi, kitambaa huelea juu yake, na utakapopiga msasa baadaye utakata nyuzi badala ya epoksi.

Baada ya saa tatu au nne, uso ukinata kama upande wa gundi wa tepu lakini haufuati kidole, paka epoksi iliyochanganywa na unga wa kinywe (grafiti). Kipimo ni asilimia 10 ya ujazo: vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa kwa mililita 100. Paka mara tatu, kila mara ile ya kabla ikiwa bado inanata. Ukipitiwa na usingizi hadi asubuhi, huwezi kuendelea tu. Osha, piga msasa namba 120, ndipo urudie. Kinywe hufanya tumbo liteleze juu ya jiwe badala ya kung'ang'aniwa, na weusi wake unaikinga epoksi na jua, kwa hiyo mkanda hauhitaji vanishi. (Wasomaji wa Ruangwa, wenye kinywe ardhini kwao, wasikimbilie nyundo. Kinywe cha mwambani kimo katika magamba. Kinachotakiwa hapa ni unga laini kama poda, ule unaouzwa kwa ajili ya kulainisha vitasa.)

Tepu ibandue epoksi ikiwa bado laini. Siku ya pili lainisha kingo. Siku ya saba, si kabla, ndipo chombo kiguse mchanga. Kasoro mbili za mkanda huu tuziseme wazi: mkono ukiupitisha hapo unatoka na masizi, basi usikiegemee ukiwa na kanzu ya Ijumaa, na ukikilaza juani tumbo juu, mkanda mweusi unapata joto kali kuliko sehemu nyingine. Kilaze kivulini.

Nimepaka epoksi siku tatu zilizopita, bado inanata. Nipake hadina tupu juu yake ikauke? (Mtwara mjini)

Hapana. Hadina si kikaushio, ni mojawapo ya sehemu mbili za epoksi yenyewe, nyingine ni resini. Inaponata kwa mabaka, hukukoroga vizuri. Inaponata kote, uwiano ulikosewa. Kosa la kawaida ni kupima kwa mizani uwiano ulioandikwa kwa ujazo, au kinyume chake. Kopo likisema 2 kwa 1 kwa ujazo, kwa uzito si 2 kwa 1, maana resini ni nzito kuliko hadina. Kiweke chombo mahali pa joto siku moja. Ikiwa bado ni ulimbo, kwangua kwa skrepa, futa kwa asetoni na kitambaa safi, badilisha kitambaa mara kwa mara, uanze upya. Tabaka jipya juu ya bichi halisaidii. Bichi inabaki bichi chini yake.

Kama si ulimbo bali ni utando wa kuteleza kama sabuni, hapo hakuna kosa. Hadina nyingi hutoa nta hiyo penye unyevu. Maji na sponji vinatosha. Wanaoweza kusubiri, kazi hizi wazifanye kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimepita.

Dukani kwetu wanauza resini ile ya kutengenezea boti za faiba na matangi, bei yake ni nafuu sana kuliko epoksi. Kuna tofauti gani, ikiwa zote zinaganda? (Lindi)

Ile ni poliesta. Kwenye boti ya faiba tupu ni kitu kizuri. Kwenye mbao haina mshiko wa kudumu: husinyaa inapoganda, hupitisha unyevu kuliko epoksi, na mbao ikivimba na kunywea huachia vipande vipande. Juu ya epoksi iliyokwisha kauka haishiki vizuri pia, kwa hiyo kayaki iliyoundwa kwa epoksi itengenezwe kwa epoksi. Kinyume chake hufaa: epoksi hushika juu ya poliesta iliyopigwa msasa.

Tahadhari mbili kwa wanaohama kutoka moja kwenda nyingine. Mkeka wa faiba, ule wa nyuzi zilizomwagwa ovyo, mara nyingi umeshikizwa kwa gundi inayoyeyushwa na poliesta tu. Ukiuweka na epoksi unabaki mkavu na mweupe, haupindi. Nunua kitambaa kilichofumwa. Ya pili ni ya usalama: kikolezo cha poliesta, kile kimiminika cha chupa ndogo, kikirukia jicho kinaweza kulipofua, na kikichanganywa moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti hulipuka. Vaa miwani. Mazoea ya kutia kikolezo matone machache pia usiyapeleke kwenye epoksi. Ndiyo yanayoleta barua kama ile iliyotangulia.

Habari za kazi. Nina mabaki ya mpingo kutoka kwa mchongaji. Naona hakuna mbao ngumu kuliko huo, nataka kupigilia utepe wake chini ya mkuku wote kwa misumari. Jirani ananiambia nikate utepe wa dumu la plastiki, mwingine anasema shaba. Nani yuko sawa? (Kilwa Masoko)

Nzuri, kaka. Hesabu kwanza: utepe wa mita 5, upana sentimita 2 na unene sentimita 1 una sentimita za ujazo 1,000. Mpingo huzama majini. Utepe huo ni zaidi ya kilo 1.2, umeuweka wote chini. Tena mpingo una mafuta, na epoksi haishiki juu ya mafuta, na mbao ngumu namna hiyo hupasuka inapogongwa kwenye ncha. Mabaki yako yatatoa vipini vizuri vya visu.

Misumari ndiyo mbaya zaidi. Plaiwudi ya kayaki kama hizi ina milimita 4 hivi. Msumari utatokea ndani, au utaishia katikati ya tabaka na kuwa bomba la kupeleka maji kwenye kiini cha mbao. Msumari wa chuma ukiota kutu huvimba na kupasua epoksi inayouzunguka, na hapo maji hayahitaji tena mwaliko.

Dumu halishikiki kwa gundi yoyote ya kawaida, epoksi ikiwamo. Ndiyo maana mafundi huchanganyia epoksi kwenye vikopo vya plastiki hiyo hiyo, kesho yake ikabanduka yenyewe.

Shaba inafaa kwenye mashua nzito yenye mkuku wa mbao nene wa kushikilia skrubu. Kwenye kayaki ya milimita 4 inahamisha pigo: badala ya mkwaruzo mrefu usio na kina unapata ufa kwenye mstari wa skrubu.

Ukipenda utepe wa mbao, tumia mninga, mita 3 za katikati, upana milimita 12, unene milimita 8, kingo zikiwa zimeviringishwa kwa randa. Uzito wake hauzidi gramu 200. Ugundishe kwa epoksi iliyokolezwa na unga wa mbao, bila msumari hata mmoja. Ufungie kwa mikanda ya mpira wa baiskeli mpaka kesho. Ukilika baada ya miaka unaupiga randa na kugundisha mwingine. Ncha za omo na tezi ziachie mkanda wa faiba tuliomweleza msomaji wa Mikindani, maana utepe mnyoofu hauwezi kufuata pinda lile bila kuchomoka.

Wazee hapa wanapaka mitumbwi sifa (mafuta ya ini la papa), mashua deheni, na kila baada ya muda huchoma makuti chini ya chombo. Mbona ninyi mnazungumzia kemikali za dukani? Na mafuta ya maganda ya korosho, tuliyo nayo tele, hayafai? (Sudi)

Wazee wako sawa kwa vyombo vyao. Mtumbwi wa mti mzima na mashua ya mbao nene hulala majini, hunywa maji na kuvimba, na adui yao mkubwa ni wadudu wanaotoboa mbao baharini. Mafuta ya ini la papa huingia ndani ya mbao, deheni ya chokaa na mafuta huziba nje, moto wa makuti huua wadudu. Kayaki ni kitu kingine. Inabebwa nyumbani kila ikitoka majini, kwa hiyo wadudu hawapati muda. Plaiwudi yake haitakiwi kunywa maji kabisa. Ngozi yake ni epoksi, na hapo kila moja ya dawa hizo inaleta madhara.

Sifa na deheni juu ya epoksi haziingii popote, zinakaa juu kama mafuta kwenye sahani. Siku ukitaka kuziba mkwaruzo, mafuta yale yameshaingia kwenye kila ufa na kiraka hakishiki. Moto ndio usijaribu hata kidogo: epoksi nyingi zinazokauka kwa joto la kawaida huanza kulegea zikikaribia nyuzi 60 za Selsiasi, na moto wa makuti unazidi hapo mara nyingi. Kitambaa kitavimba mapovu.

Mafuta mabichi ya maganda ya korosho huunguza ngozi, kila aliyebangua korosho kwa mkono anajua, na hayakauki vizuri juu ya epoksi. Ila swali lako lina kiini cha kweli. Kuna hadina za epoksi za kundi la fenalkamini ambazo hutengenezwa kutokana na mafuta hayo hayo, na hupendwa kwenye rangi za meli kwa kuwa hukauka hata penye unyevu. Maganda ya kusini yana thamani, lakini kiwandani, siyo kwa brashi ufukweni.

Kayaki ilikwaruzwa na jiwe. Nikaipuuza. Sasa kuna mstari wa sentimita 12, upana wa kidole, umekuwa mweusi kwa ndani. Nipake vanishi juu? (Msimbati)

Usipake. Utafungia maji ndani.

Mkwaruzo husomwa kwa maji. Lowesha kidole, upitishe juu yake. Weupe ukipotea, mkwaruzo umeishia kwenye vanishi au epoksi ya juu. Uache mpaka msimu wa kupaka upya. Weupe ukibaki, nyuzi za faiba zimevunjika au zimeachana na mbao. Uzibe ndani ya wiki. Ukiwa mweusi kama wako, maji yameshafika kwenye plaiwudi, na kila safari inaongeza.

Ondoa kwa patasi kali kila kipande cha faiba kilicholegea, hata kama shimo litakuwa kubwa kuliko ulivyotaka. Osha kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu au nne. Hili watu huliruka: chumvi ikibaki ndani ya mbao hunyonya unyevu wa hewa na mbao haikauki kamwe. Kausha kivulini penye upepo, siku tatu hadi wiki. Kujua kama imekauka, bandika kipande cha nailoni angavu juu ya jeraha, uzibe kingo zote kwa tepu, uweke juani saa mbili. Ukiona umande upande wa ndani wa nailoni, rudi kivulini.

Kisha chomachoma kwa ncha ya kisu. Mbao ikiwa ngumu, weusi ni doa tu. Ikizama kama mkate, kata sehemu hiyo. Zunguka jeraha kwa msasa namba 80 sentimita 4 kila upande, mteremko mrefu bila ukingo. Paka epoksi tupu ipenye. Dakika chache baadaye jaza shimo kwa epoksi iliyokolezwa na unga wa mbao hadi iwe nzito kama siagi ya karanga. Juu yake kiraka cha kwanza kinachozidi jeraha kidogo, na cha pili kinachofika mwisho wa mteremko. Funika yote kwa nailoni, bonyeza mapovu yatoke, uache hadi kesho. Nailoni itabanduka na kuacha uso laini ambao karibu hauhitaji msasa.

Na kwa kuwa uko Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa 2000: jiwe lililokukwaruza huenda ni tumbawe hai. Hapo mmeumizana wawili.

Vanishi au rangi? (Lindi, ujumbe wa maneno matatu)

Rangi kwenye tumbo la chombo, vanishi upande wake wa juu. Tumbo jeupe halionyeshi mikwaruzo myeupe, halipati joto, na rangi ya mafuta ya kawaida unaigusa kwa brashi dakika tano ikakauka. Ukichagua vanishi kwa sababu mbao ni nzuri, chukua yenye kinga ya jua na upake angalau mara tatu. Epoksi tupu juani hugeuka njano, kisha chaki.

Navuka mara kwa mara kati ya Lindi na Kitunda kwa kayaki yangu. Nifanyeje nisiwe kila mwezi na msasa mkononi? Kuna njia ya kufika ufukweni bila kukwaruza? (Kitunda)

Ipo, na ni rahisi kuliko yote tuliyoandika hapo juu. Usipande nayo mchangani. Ukifika maji ya magoti, igeuze ubavu sambamba na ufuo, toa miguu, simama, halafu ibebe. Kayaki ya mbao ya mita 5 haizidi kilo 20 na kitu. Wawili wanaibeba wakizungumza. Kwenye mawimbi ya kusi usisimame kati ya chombo na ufuo, maana wimbi litakiburuta juu ya miguu yako. Kaa upande wa bahari.

Kuhusu maji kupwa na kujaa, jua hili: siku za bamvua maji ya pwani hii hutoka sana asubuhi, takribani saa nne hadi saa tano, na mwamba unauona wote mkavu. Kwa hiyo siku hizo mwamba hauwadanganyi watu. Siku za maji mafu ndizo za hatari, kwa kuwa maji hayatoki vya kutosha, mwamba unabaki shubiri moja chini na hauonekani mpaka uusikie. Tembea ufukweni siku moja ya bamvua saa ya maji kutoka, chagua njia ya mchanga, uweke alama ya miti miwili nchi kavu ya kuilenga pamoja. Njia hiyo itakufaa mwezi mzima.

Kwenye mikoko tatizo si mkuku, ni pembe ya ubavu, pale ubavu unapokutana na tumbo, na chaza hukata kama wembe badala ya kusaga. Kama huko ndiko unakopita, ongeza mkanda mmoja wa faiba wa sentimita 5 kwenye pembe hizo kutoka omo hadi usawa wa kiti.

Wavuvi huviringisha vyombo juu ya magogo ya mnazi. Kwa kayaki gogo tupu halifai, limejaa mchanga. Livishe mpira wa ndani wa tairi, au tengeneza toroli: bomba za plastiki za inchi 1, magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto ya inchi 12 kwa ardhi ngumu, mapana zaidi kwa mchanga laini, na sponji mbili za godoro pale chombo kinapolalia. Liweke nyuma kidogo ya katikati. Kabla ya kukaza kamba mwagia maji sehemu zinapopita: mchanga uliokwama chini ya kamba huchora mistari miwili mirefu ubavuni kabla hujafika nyumbani.